Kiti cha Waziri wa Maji

Mdogo wangu alirudi nyumbani saa nne asubuhi, siku ya Baraza la Mawaziri, na kabla hajafungua mdomo nilijua mambo yameharibika. Siku ya Baraza haonekani mpaka jioni. Tena akija, anakuja na gari la wizara, bendera inapepea, dereva anapiga honi hata kama geti liko wazi. Siku hiyo alishuka kwenye teksi. Tai ilikuwa imelegea, shati limelowa mgongoni, na faili lake la Wizara ya Maji amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Dada," akaniambia mlangoni, "kiti changu hakipo."

Wifi yangu, mkewe, alikuwa anapiga pasi sebuleni. Aliposikia hayo aliiacha pasi juu ya shati mpaka likaanza kunuka. Mimi ndiye niliyekwenda kuchomoa waya. Ndivyo nilivyo, wengine wakilia, mimi natafuta swichi.

Ngoja niwaeleze kwanza, maana nasikia kuna mtu anacheka. Kiti tu? Jitu zima lina digrii zake, linatetemeka kwa kiti? Cheka baba, cheka. Hujui unachokicheka.

Katika serikali yetu waziri hafukuzwi kwa barua. Barua ipo, na gazeti la serikali litaandika, lakini hayo huja baadaye. Kinachotangulia ni kiti. Mambo haya yalianza na serikali ya kwanza kabisa. Rais wa kwanza alikuwa mtu wa huruma, machozi karibu, na alitaka kumwondoa Waziri wa Biashara, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa shemeji yake. Kumwambia usoni hawezi. Kumwandikia, mkewe atamlilia mpaka kuche. Basi akamwambia mhudumu wa ukumbi, "Kesho kile kiti usikiweke." Asubuhi shemeji akaingia, akaona pengo kati ya Fedha na Kilimo, akasimama kidogo, akageuka, akaondoka. Hakuna aliyesema neno. Rais akafurahi jinsi jambo lilivyokwisha bila kelele, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi.

Serikali ya pili ilikuwa ya wanajeshi, na mwanajeshi hana subira. Yule bwana aliondoa nusu ya viti kwa siku moja, halafu akawaambia waliobaki, "Sogeeni, mbona mmekaa mbalimbali?" Serikali ya tatu ilileta mwanamke wa kwanza barazani, Waziri wa Elimu, mkubwa wangu wakati huo nikiwa mwalimu mkuu. Siku alipokuta pengo hakugeuka. Alisimama pale pale, akafungua faili, akasoma taarifa yake yote mpaka mwisho, akawaaga, ndipo akaondoka. Nampenda mama yule mpaka leo. Halafu kuna yule wa Reli, kichekesho cha nchi nzima, aliyekuja na kiti cha kukunja kutoka nyumbani kwake. Rais wa wakati huo alicheka mpaka akashika meza, akamwacha aendelee. Lakini aliyejaribu kumwiga baadaye alikwenda kukifungulia kiti chake rumande.

Sasa sheria kubwa ya desturi hii ni kwamba huulizi. Ukikuta pengo, huulizi. Kuuliza ni kujidhalilisha, tena ni kumlazimisha mkubwa aseme kwa mdomo jambo ambalo hakutaka kulisema. Unageuka, unamwachia dereva bendera yake, unakwenda nyumbani kusubiri barua. Mawaziri wanalijua hili kuliko wanavyoijua katiba.

Na sisi tunalijua kuliko mawaziri. Baba yetu alikuwa Waziri wa Ardhi katika ile serikali ya wanajeshi. Alikuta pengo, akarudi nyumbani kwa miguu. Kesho yake akaja kijana mpole, viatu vinang'aa, akasema, "Mzee, samahani sana, yalikuwa makosa. Kiti kimerudishwa." Mama akamnyooshea baba shati jeupe, akamwambia, "Nenda mume wangu, si unaona wamekuja kwa heshima?" Tulipomwona baba tena, mdogo wangu alikuwa ameota ndevu. Baba alirudi mzee wa ghafla, sikio moja halisikii, na chakula anakula amesimama. Mama hakujisamehe mpaka tunamzika.

Kwa hiyo mtuelewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Umefanya nini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Sijafanya kitu, Dada."

"Usinidanganye mimi, nimekubeba mgongoni."

Akajibwaga kwenye kochi. "Wiki iliyopita nililikataa lile bwawa."

Lile bwawa nilikuwa nimelisikia. Linataka kujengwa kwenye mto uliokauka zamani, na mkandarasi ni mkwe wa Rais.

"Ulikataaje? Kwa kunong'ona?"

"Kwa sauti. Mbele ya wote. Nikasema saruji haizai maji."

"Ala! Ukaona hapo ndipo mahali pa mashairi?"

Hakucheka. Mimi mwenyewe sikucheka, nilisema tu kwa sababu mdomo wangu ukiogopa huwa haukai kimya. Wifi hakusubiri tumalize. Alikuwa ameshafungua kabati, anatupa nguo ndani ya begi, soksi huku, mswaki kule.

"Mpeleke mpakani," akaniambia. "Sasa hivi, wifi. Ng'ambo kaka yangu atampokea. Mimi nabaki niwasubiri watoto watoke shule, tutafuata."

"Na wakija hapa?"

"Wakija watanikuta napiga pasi."

Nilimwangalia yule mwanamke ambaye siku zote nilikuwa namwona laini. Loo, tunawaonea wifi zetu.

Tangu nistaafu nafuga kuku, na nina pikapu ya kubebea pumba. Hakuna duniani atakayedhani waziri amepanda gari lile. Nikampa mdogo wangu koti na kofia vya marehemu mume wangu, nikamwambia akae chini kidogo, tukaondoka. Mpaka hauko mbali na mji wetu. Ukitoka asubuhi, mchana umefika. Lakini barabara ile siku hiyo ilirefuka. Kila pikipiki iliyokuja nyuma niliona inatufuata sisi. Gari jeupe likatupita, likapunguza mwendo mbele yetu, nikaanza kutafuta njia ya kuchepukia. Kumbe dereva anatafuta mahali pa kununua maji.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari akainama dirishani. Uso nikaukumbuka, jina likanipotea.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba. Siku hizi unajua kuchana nywele?"

Akacheka. Nilikuwa namrudisha nyumbani kila Jumatatu kwa ajili ya zile nywele. Halafu macho yake yakahamia upande wa pili. "Na huyu mgonjwa?"

"Mdogo wangu. Tumbo linamsumbua, nampeleka kwa mtaalamu."

Wala sikudanganya sana. Mdogo wangu alikuwa amejikunja, kofia imemfunika, kweli anaumwa tumbo. Askari akatutakia heri, akainua chuma, tukapita. Nilipoangalia kwenye kioo nilimwona bado amesimama katikati ya barabara, anatutazama.

Mpakani tulikuta foleni ya malori. Tulikuwa tumeshaliona lango, na bendera ya wenzetu kwa mbali, simu yangu ikalia. Wifi.

"Wifi," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayesikilizwa, "Katibu wa Baraza yuko hapa sebuleni. Amekuja mwenyewe. Anasema kulikuwa na makosa. Kiti kilivunjika mguu jana, kimepelekwa kwa fundi. Anasema Mheshimiwa arudi, Rais anamsubiri."

Kulikuwa na makosa. Maneno yale yale, jamani, na mimi nimeyasikia nikiwa na sare za shule.

"Umempa chai?" nikauliza, ili nipate muda wa kupumua.

"Anakunywa."

"Basi mpe nyingine."

Nikakata. Mdogo wangu alikuwa amesikia kila neno, simu yangu ina sauti kubwa. Alinigeukia. Ana mvi, ana watoto wake, lakini uso ulionigeukia ulikuwa wa yule mtoto aliyesimama getini akimngoja baba.

"Dada, wewe ndiye mkubwa. Amua."

Nilimchukia kwa neno hilo, nasema ukweli. Nilimchukia kwa dakika nzima. Mbele yetu lori likasogea, la nyuma likapiga honi, nami mguu hauwezi kukanyaga mafuta wala breki. Nikivuka naye, mke na watoto wamebaki na Katibu sebuleni. Nikirudi naye, labda nampeleka alikopelekwa baba. Mama alikuwa na shati tu la kunyoosha. Mimi nilikuwa na simu, na ndipo akili ikanijia.

Fundi seremala wa karakana ya serikali ndiye aliyenitengenezea madawati ya shule miaka yote. Ni mtu asiyejua kusema uongo. Akikuchelewesha anakwambia nilikuwa nimelala. Nikampigia. Mashine ya kuranda ilikuwa inalia nyuma yake.

"Fundi, una kiti cha Baraza hapo?"

"Nacho Mwalimu! Kimeandikwa Maji nyuma. Nawe pia unakitaka? Tangu asubuhi wananipigia simu utadhani nimeiba."

"Kimefika lini?"

"Jana jioni. Yule wa usafi alikipanda abadilishe taa, mguu ukaachia. Nimeutia gundi, nangoja ukauke. Hawa watu wana nini? Si wangeweka kiti kingine?"

Fundi wa watu, hajui. Hakuna kiti kingine. Kila kiti kimechongwa jina la wizara yake, na kuweka kigeni ni sawa na kuteua waziri. Kwa hiyo wa usafi alimwambia mhudumu, mhudumu akadhani Katibu anajua. Katibu alipoona pengo akadhani ni amri kutoka juu, akanyamaza, ndiyo kazi yake. Mawaziri wakaona pengo, wakaangalia makaratasi yao. Na Rais mwenyewe, kama nilivyokuja kuambiwa, alikaa nusu ya kikao ndipo akauliza, "Maji yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alidhani anapimwa.

"Ni kweli," nikamwambia mdogo wangu. "Gundi inakauka."

Alijifunika uso kwa lile koti, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, tena kile kicheko cha kukosa pumzi, nami nikaambukizwa, tukacheka wawili mpaka dereva wa lori la nyuma akashuka kuja kuangalia kama tuna akili timamu. Nikageuza gari.

Njia yote ya kurudi mdogo wangu aliongea. Alinihadithia jinsi mawaziri wanavyowahi asubuhi na kuchungulia mlangoni wakijifanya wanatafuta msala. Waziri wa Fedha, mtu mzito vile, kumbe akifika hukigusa kwanza kiti chake kwa kidole, halafu ndipo anaweka mkoba. Nilimwambia huo ni upuuzi mtupu, nchi inaendeshwa kwa samani. Nilikuwa na furaha. Nilijiambia nimefanya ambalo mama hakuweza kulifanya, nimeuliza. Kwenye kizuizi hatukumkuta yule askari, palikuwa na mwingine, naye alituinulia chuma kabla hatujasimama. Wala sikulifikiria.

Nilimshusha kwenye ngazi za ukumbi, amevaa tai yake vizuri, faili mkononi. Akaingia. Mimi nikabaki uwanjani na madereva, wamekaa kwenye kivuli cha magari yao, wanacheza karata. Waliponiona na pikapu yangu walinisalimia kwa adabu, lakini karata wakaziweka. Dereva wa mdogo wangu hakuwepo.

"Yuko wapi mwenzenu wa Maji?" nikauliza.

Wakatazamana. "Amepangiwa kazi nyingine, Mama," akasema mmoja, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Hapo ndipo kile kicheko cha mpakani kiliponitoka chote. Nilikaa kwenye usukani nimeshika roho mkononi. Jua likaanza kuinama, milango ikafunguka, mawaziri wakatoka wawili wawili wakiongea kwa sauti kubwa. Waziri wa Fedha akapita, akaiona pikapu, akaangalia pembeni. Magari yakaondoka moja baada ya jingine. Uwanja ukabaki mtupu na mdogo wangu hajatoka. Nilisoma dua zote nilizofundishwa, nyingine mara mbili.

Akatoka. Peke yake, mzima, anatembea kwa miguu yake. Nilitaka kumrukia nimkumbatie kama mtoto. Alifungua mlango wa pikapu, akakaa, hakuufunga.

"Kiti kipo?"

"Kipo. Bado kinanata."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona uko hivyo?"

"Alinikaribisha vizuri sana, Dada. Akasimama kunipa mkono. Akawaambia wote, jamani, mwenzetu alitishwa na kiti. Wakacheka. Nami nikacheka." Akawa anakunja pembe ya lile faili. "Halafu akaniuliza, tumbo limepona?"

Yule askari wa kizuizi akanijia machoni, amesimama katikati ya barabara.

"Akasema, mtu akiumwa na tumbo huenda kwa mtaalamu wa hapa, haendi kwa wa ng'ambo. Wakacheka tena. Halafu tukajadili bwawa."

"Ukasemaje?"

"Nikalipitisha. Nimetia saini mimi mwenyewe."

"Ulikuwa hujafanya kosa lolote," nikasema. "Ulikuwa umekataa bwawa tu."

"Asubuhi, ndiyo. Sasa mimi ni waziri aliyetaka kutoroka."

Nilimrudisha mimi. Ningekanyaga mafuta pale mpakani, ningekuwa nimeharibu jambo dogo. Nilipogeuza gari nikaharibu kubwa. Na nilichunguza, nilipiga simu, nilipata ukweli mtupu. Ukweli wa fundi ulikuwa sahihi kabisa, na haukutusaidia kitu.

Gari la wizara likaja taratibu likasimama ubavuni mwetu. Akashuka kijana ambaye hatujawahi kumwona, suti imemkaa, akamfungulia mdogo wangu mlango wa nyuma.

"Mheshimiwa, mimi ndiye dereva wako mpya. Nitakuwa nakupeleka kila mahali."

Mdogo wangu akashuka kwenye pikapu, akapanda. Hakuuliza yule wa zamani yuko wapi. Nikawafuata nyuma, macho yamenitoka kila penye njia panda, nasubiri taa ya pembeni iwake upande usio wa nyumbani. Haikuwaka. Walikwenda nyumbani moja kwa moja. Wifi alikuwa mlangoni, begi ameshalifungua, nguo zimerudi kabatini. Alimshika mumewe usoni kwa viganja viwili, akaanza kulia kwa furaha, na mdogo wangu akamwacha alie hivyo hivyo.

Kijana hakuondoka. Aliegesha gari akiliziba geti, akaomba kiti cha plastiki, akakaa barazani. Alisema ameambiwa awe anashinda hapa, na usiku atakuja mwenzake. Wifi akampelekea chai, maana wifi bado hajajua. Nilipotoka kwenda kulisha kuku wangu, alisimama.

"Samahani Mwalimu Mkuu. Naomba ufunguo wa pikapu."

"Wa nini?"

"Nimeambiwa nikutunzie. Ni kwa usalama wenu."

"Nani kakwambia?"

Akatabasamu tu.

"Sikiliza wewe kijana. Gari hili nimelinunua kwa kiinua mgongo changu. Nimefundisha watoto wa watu mpaka sauti imekwisha. Nina kuku wanataka kula, na wewe sijui hata mama yako ni nani, unaniambia nikupe ufunguo? Khaa! Toka mbele yangu."

Hakusogea, wala hakukasirika. Alisubiri tu, mkono umenyooka.

Mdogo wangu alikuwa dirishani. "Dada," akasema taratibu, "mpe."

Nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akanishukuru.